Mwendo wa Wastani

Gari liendapo hupambana na hewa. Mwendo ukipanda kutoka kilomita 80 kwa saa hadi 110, ukinzani wa hewa hukaribia kuwa maradufu, na gharama yake ni mafuta. Mwaka 1974, baada ya nchi za Kiarabu kuinyima mafuta, Marekani iliweka kikomo cha kilomita 88 hivi. Mafuta yaliyookolewa hayakuwa mengi kama ilivyotumainiwa. Lakini vifo vya barabarani vilishuka kutoka 54,000 hivi mwaka 1973 hadi 45,000, ingawa safari nazo zilipungua. Sisi abiria ndio tunaomhimiza dereva akanyage! Basi jumuiya zinazokodi basi la hija zipatane naye mapema: kilomita 80, na tuondoke alfajiri.