Jina la Uwanjani na Jina la Nyumbani

Ndugu Mwenyekiti, ndugu walimu wetu, ndugu wanafunzi wenzangu wa zamani,

Katika uwanja wetu wa vumbi hapa Bariadi mliniita "Treni". Wapo ambao hadi leo hawajui kuwa mzee wangu alinipa jina la Mabula, kwa kuwa nilizaliwa mvua ikinyesha. Utani huo sina kinyongo nao. Shida ni kumbukumbu.

Tuwatazame jirani zetu wa Kenya. Mwaka 1999 Christopher Kosgei alikuwa bingwa wa dunia wa mbio za mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Mwaka 2003 bingwa alikuwa Saif Saaeed Shaheen wa Qatar, ambaye mwaka 2004 aliweka rekodi ya dunia ya dakika 7:53.63. Msomaji wa orodha hiyo hawezi kutambua kuwa hao ni ndugu. Shaheen alizaliwa Stephen Cherono; alibadili jina alipobadili uraia.

Kwa hiyo naiomba kamati: kwenye ubao wa washindi wa shule yetu, kila mwanariadha aandikwe majina yote mawili, la nyumbani na la uwanjani. Wajukuu wetu watakuja kututafuta pale.

Naomba kutoa hoja.