Shule ya Kalamu na Shule ya Nyundo

Maneno kwa viongozi wa walei na wajumbe wa kamati za Haki na Amani za parokia





Kila mwaka matokeo ya mitihani yanapotangazwa, ofisi ya parokia hupata wageni wa namna moja. Mzazi huingia, huketi, huulizia kwanza habari za Misa ya marehemu, kisha ndipo hulitoa lililomleta: "Baba Paroko, huyu wangu wa pili kichwa ni kizito. Nafikiri tumpeleke ufundi." Maneno hayo tumeyasikia Kibosho, tumeyasikia Rombo, tumeyasikia na mjini Moshi. Hatujapata hata siku moja kumsikia mzazi akisema: "Baba, huyu wangu ana akili nyingi mno, tumpeleke ufundi."

Wengine watauliza jambo hili lina uhusiano gani na Haki na Amani. Lina uhusiano mkubwa. Swali la nani aende shule ya elimu ya jumla na nani aende shule ya ufundi huonekana kuwa swali la vipaji. Ukilichunguza kwa makini utaona kwamba mara nyingi ni swali la mtoto huyo ni wa nani.

Tuanzie hapa mlimani. Kabla hajafika mmisionari yeyote, babu zetu walikwisha kuchimba mifongo iliyoteremsha maji kutoka msituni, ikapita kingoni mwa makorongo na kuyafikia mashamba ya mbali. Aliyeipima hakuwa na kipimo cha duka. Alilitazama maji lenyewe. Wahunzi wa Mamba walifua majembe na mikuki iliyosifika mlima mzima. Hayo yote yalifundishwa, tena kwa nidhamu kali, mtoto akiwa kando ya baba yake. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walipofika Kilema mwaka 1890, na Kibosho mwaka 1893, walileta katekisimu na kusoma. Walileta pia randa, msumeno na miche ya kahawa. Katika misheni za kwanza mtu aliyejua kusoma na aliyejua kupiga matofali alikuwa mara nyingi mtu mmoja. Utengano ulikuja baadaye.

Mwaka 1924 tume ya mfuko wa Phelps-Stokes kutoka Marekani ilizunguka Afrika ya Mashariki, Tanganyika ikiwamo. Mwenyekiti alikuwa Thomas Jesse Jones, na miongoni mwa wajumbe alikuwamo Mwafrika msomi, James Aggrey, mzaliwa wa nchi ambayo leo ni Ghana. Tume ilishauri elimu ya Mwafrika ilingane na maisha yake ya kijijini: kilimo, afya, kazi za mikono. Mfano wao ulikuwa shule za Weusi wa Marekani za Hampton na Tuskegee. Huko Marekani kwenyewe shauri hilo lilikuwa na ubishi mkali. Booker T. Washington alisema Mweusi aanze na ufundi, W.E.B. Du Bois alijibu kwamba watu wasiopewa elimu ya juu watabaki kuamriwa na wengine daima.

Wazazi wa Kilimanjaro hawakuwasoma mabwana hao wawili, lakini waliuelewa ubishi wao vizuri sana. Walimwona karani akikaa kivulini na kupokea mshahara mwisho wa mwezi, na seremala akisubiri mteja. Waliona kwamba Mzungu aliyehubiri jembe hakumpeleka mwanawe kwenye jembe. Basi wakaomba kalamu. Mwaka 1965 mtaalamu aitwaye Philip Foster, aliyekuwa amechunguza shule za Ghana, aliandika kwamba serikali hujidanganya zinapodhani kuwa vijana hukimbia ufundi kwa sababu ya mtaala mbaya. Hukimbia, alisema, kwa sababu wanajua mahali fedha na heshima zilipo. Shule peke yake haiwezi kuyageuza hayo. Tangu tulipokutana na maneno hayo seminarini hatujaona hoja ya kuyapinga.

Hapa kwetu kuna sababu ya ziada, nayo ni kihamba. Desturi ya wazee ilimpa mtoto wa kiume wa kwanza na wa mwisho nafasi ya mbele katika urithi. Wa katikati alipewa eneo jipya lililo wazi. Maeneo hayo yamekwisha zamani. Mtoto wa katikati, na binti ambaye hakuwamo hata katika hesabu, walibakiwa na urithi mmoja tu: shule. Kwa hiyo, mzazi aliyeuza kahawa ili alipe ada alikuwa akimgawia mwanawe kihamba cha karatasi.

Jambo hili lafaa likumbukwe tunapoutazama mwaka 1967. Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea aliona sawasawa kwamba shule ya msingi ilikuwa ngazi ya wachache kupandia sekondari, na wengi waliobaki chini waliitwa walioshindwa. Alitaka shule iwe na shamba na karakana, iwe kamili kwa yule atakayeishia hapo. Wazo lilikuwa zuri na la haki. Lakini sisi tuliosoma shule ya msingi miaka ya mwisho ya 1980 na ya mwanzo ya 1990 twakumbuka lilivyotufikia: kubeba samadi kichwani, kuchota maji, na siku nyingine kuchuma kahawa shambani mwa mwalimu. Hakuna aliyetueleza kwa nini mche hupogolewa. Aliyechelewa shule aliadhibiwa kwa kulima. Kazi inayotolewa kama adhabu humfundisha mtoto kuichukia, nasi tuliichukia.

Wakati huohuo nafasi za sekondari za Serikali ziligawanywa kwa mikoa, ili mikoa iliyoachwa nyuma na ukoloni ipate haki yake. Lilikuwa jambo la haki kwa taifa, nalo liliwauma wazazi wa mlimani. Wakajibu kwa kujenga. Katika miaka ya 1980 Kilimanjaro iliongoza nchi kwa shule za sekondari za binafsi, zilizojengwa kwa nguvu za wazazi, vyama na makanisa. Karibu zote zilikuwa za elimu ya jumla, kwa kuwa darasa la historia huhitaji ubao na chaki tu, ilhali karakana huhitaji mashine, umeme na mwalimu asiyepatikana. Ifunda na Moshi zilikuwa na shule za ufundi za Serikali tangu miaka ya 1950, na waliopita humo walijenga nchi hii. Lakini nafasi zilikuwa chache.

Sasa tutupe macho nje kidogo, kwa maana watu hupenda kutuambia, "Tazameni Ujerumani." Tuitazame, lakini yote. Huko kijana anayejifunza useremala au umeme huwa na mkataba na mwajiri. Siku tatu au nne za juma yuko kazini, moja au mbili yuko shuleni. Hujifunza miaka miwili hadi mitatu na nusu, naye hulipwa posho tangu mwezi wa kwanza. Tangu mwaka 1969 sheria inamlinda. Akihitimu, cheti chake chatambuliwa nchi nzima, na anaweza kuendelea hadi kuwa fundi bingwa mwenye haki ya kufundisha wengine. Heshima ya ufundi huko imeandikwa katika sheria na katika mshahara. Lakini Wajerumani haohao, katika majimbo yao mengi, huwagawa watoto katika shule za aina mbalimbali wakiwa na miaka kumi hivi, na kwa muda mrefu wamelaumiana wenyewe kwamba mtoto wa msomi huangukia upande mmoja na mtoto wa kibarua upande mwingine. Uingereza nayo iligawa watoto kwa mtihani wa miaka kumi na mmoja baada ya sheria ya 1944. Shule za ufundi zilizoahidiwa zilipata wanafunzi wachache sana, na kuanzia 1965 Serikali ikahimiza shule ziunganishwe.

Jirani zetu wa Kenya walijaribu njia nyingine. Mwaka 1985 walianzisha mfumo wa 8-4-4, wakaingiza kilimo, sayansi kimu na kazi za mikono kwa kila mtoto. Wazazi waliamriwa kuchanga kwa ajili ya karakana. Palipo na wazazi wenye uwezo ilijengwa. Penginepo mtoto alisoma randa kutoka katika picha ya kitabu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 sehemu kubwa ya masomo hayo ilipunguzwa. Twapaswa kuliangalia hili kwa uangalifu, kwa sababu nasi tumeingia njia inayofanana. Sera yetu ya Elimu na Mafunzo, toleo la 2023, imeweka mikondo miwili katika sekondari, wa jumla na wa amali, na mkondo wa amali ulianza katika baadhi ya shule mwaka 2024. Neno "amali" lenyewe tumeliazima kwa ndugu zetu wa Zanzibar, nalo ni neno zuri.

Tunaukaribisha mkondo huu. Hata hivyo, kamati zenu zisiishie kupiga makofi. Zikifika shuleni ziulize: mashine zipo, au zipo katika taarifa tu? Mwalimu amewahi kuishi kwa kazi hiyo anayoifundisha? Mtoto aliyeingia amali akitaka baadaye kwenda chuo kikuu, mlango uko wazi kweli? Kwa karatasi uko wazi, kwa kuwa ngazi za ufundi stadi na zile za elimu ya ufundi sasa zinasimamiwa na baraza moja la taifa. Ila ni mtoto yupi wa kijijini aliyeambiwa hivyo? Na binti je? Katika parokia moja tuliyohudumu sisi wenyewe tulifungua darasa la ufundi. Wavulana tuliwapa useremala, wasichana tukawapa vyerehani, wala hatukumwuliza hata mmoja. Tena tuliwajaza humo waliokosa nafasi seminarini na sekondari, kisha tukashangaa kwa nini wanasoma kwa unyonge. Wafadhili walipoondoka darasa lilifungwa. Vyerehani viwili bado vipo stoo.

Lakini wengi wa vijana wetu hawamo katika mkondo wowote. Wamo gerejini na kwenye vibanda vya kuchomelea vyuma. Tulimfahamu kijana mmoja aliyekaa katika gereji mojawapo ya mjini miaka mitatu. Mwaka wa kwanza aliosha spana na kununua chai. Mwaka wa pili aliosha magari. Mwaka wa tatu aliunguzwa mkono kwa asidi ya betri, akaambiwa aende kwao akapone. Hakuwa na mkataba, hakuwa na posho, na alipotaka kujaribiwa ili apate cheti hakuweza kufungua injini. Baba yake alikuwa amemlipa fundi fedha taslimu, bila karatasi. Huyu ni mtoto wa jumuiya yetu, alibatizwa hapa, na hatukujua lolote mpaka mkono ulipoungua.

Mtakatifu Yohane Bosco aliliona jambo hilihili mjini Torino. Katika miaka ya 1851 na 1852 alianza kuwaandikia vijana wake mikataba na mafundi. Katika mkataba wa Februari 1852, fundi seremala alijifunga kumfundisha kijana kazi, kumrekebisha kwa maneno na si kwa kipigo, kumlipa ujira wa kila juma, na kumwachia sikukuu. Padre mwenyewe alitia sahihi, na baba wa kijana pia. Hakungoja sera.

Basi tunaloomba ni dogo. Kila kamati iandike orodha ya karakana na gereji zilizomo katika eneo la parokia yake, na vijana waliomo. Wawili wenu waende kuzungumza na fundi kwa adabu, kwa sababu mafundi wengi ni waumini wetu na wengi wao walifundishwa kwa njia hiyohiyo ya kuosha spana. Muda wa mafunzo uandikwe, kazi zitakazofundishwa kila mwaka ziandikwe, posho iandikwe hata ikiwa ndogo, na nani atagharimia matibabu kijana akiumia. Kijana aliyekwisha kuiva mkono asaidiwe kwenda VETA, ambako ujuzi uliopatikana nje ya darasa hupimwa na kupewa cheti.

Karatasi za mfano wa mkataba zipo mezani, pale karibu na mlango. Anayehitaji achukue tatu: moja ya fundi, moja ya mzazi, na moja ibaki ofisini kwa Paroko.