Plagi za Gari Lenye Tabo: Tuangalie Kabla ya Kulipa



Leo hatuzungumzii mikopo wala mbuzi wa maziwa. Tunazungumzia kitu kidogo kinachoenea kwenye kiganja: plagi. Tumekichagua kwa sababu vikundi vyetu hapa Lambwe vimeanza kununua magari, na mengi ni ya mtumba kutoka Japani. Baadhi ya magari hayo ni ya petroli na yana tabo. Gari la namna hiyo ni zuri, lina nguvu, lakini halisamehe plagi mbaya jinsi gari la kawaida linavyosamehe.

Tabo ni nini hasa? Ni feni mbili ndogo kwenye mhimili mmoja. Moshi wa eksozi unazungusha ya kwanza, na ya pili inasukuma hewa kwa nguvu ndani ya injini. Ndugu yake anaitwa supachaja: kazi ni ileile, ila yeye anazungushwa na mkanda wa injini. Hewa ikizidi, petroli inaongezwa, nguvu inapatikana. Lakini joto na mgandamizo ndani ya silinda navyo vinapanda, na plagi inakaa humo humo motoni. Wale wenye pikapu ya dizeli, au mashine ya posho ya dizeli, nyinyi hamna plagi ya cheche. Mafuta yenu huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa. Mnaweza kupumzika, lakini msilale.

Kuna kikundi kimoja tulichokitembelea, hatutakitaja jina. Gari lao lilikuwa linabeba nyanya siku za soko, na usiku linapeleka wagonjwa Homa Bay. Likaanza tabia: likisimama linanguruma vizuri kabisa, kwenye tambarare linakwenda, lakini likipanda mlima na mzigo linakatakata, linapiga misi, nguvu inaisha. Fundi wa kwanza alisikiliza dakika mbili akasema, "Tabo imekufa, leteni pesa." Bei aliyotaja ingemaliza sanduku lote, pamoja na fedha za akina mama za kuzungushiana. Mama mweka hazina akakataa kufungua kufuli mpaka aone kitu kwa macho. Fundi wa pili akafungua plagi. Ncha zilikuwa zimelika, na mwanya ulikuwa umepanuka kupita kiasi. Wakanunua plagi nne zinazofaa, gari likapanda.

Kwa nini lilikuwa linasumbua mlimani tu? Cheche lazima iruke ule mwanya kati ya ncha mbili za plagi. Hewa ikibanwa zaidi, kuruka kunakuwa kugumu na kunahitaji umeme mwingi zaidi. Gari likiwa limesimama, tabo haisukumi, cheche inaruka tu. Mlimani tabo inasukuma, cheche inashindwa. Ndiyo sababu injini nyingi za tabo hutaka mwanya mdogo, mara nyingi kati ya milimita 0.6 na 0.8, wakati nyingi zisizo na tabo hutumia hadi 1.0 au 1.1. Kipimo halisi kiko kwenye kitabu cha gari. Fundi apime kwa fila geji, si kwa jicho. Na kama ni plagi ya iridiamu, ile yenye ncha nyembamba kama sindano, asiitie bisibisi katikati wala kuisugua kwa brashi ya waya. Itavunjika, na ni ghali.

Sasa joto. Hapa ndipo watu wanapoliwa pesa. Kuna plagi zinazoitwa za joto na zinazoitwa za baridi. Ya baridi ni ile inayotoa joto lake haraka kwenda kwenye kichwa cha injini. Ya joto hulishikilia. Ncha ya plagi inatakiwa ifanye kazi kati ya nyuzi 450 na 850 hivi za Selsiasi. Chini ya hapo haijisafishi, inashika masizi. Juu ya hapo inakuwa kaa la moto, inawasha petroli kabla ya wakati, na pistoni inaweza kutoboka. Injini ya tabo kwa kawaida hutaka plagi ya baridi zaidi kuliko injini ya aina hiyohiyo isiyo na tabo. Hivyo, kukopa plagi ya gari la jirani kwa sababu "nyuzi zake zinaingia" ni hatari.

Na namba zenyewe zinachanganya. Kwa NGK na Denso, namba ikiwa kubwa plagi ni ya baridi zaidi. Kwa Bosch na Champion ni kinyume, namba kubwa ni ya joto zaidi. Basi muuzaji akikwambia, "Mama, chukua hii, namba zinakaribiana," na kampuni si ileile, rudisha mkono mfukoni. Andikeni maandishi yote yaliyo kwenye plagi ya zamani, herufi na namba, halafu mlinganishe na kitabu cha gari, maana huenda aliyewatangulia alifunga isiyofaa. Urefu wa nyuzi nao ni muhimu: plagi ndefu mno inaweza kugongwa na pistoni. Msikimbilie pia plagi ya baridi kupita kiasi eti kwa sababu gari la mashindano linaitumia. Gari la safari fupi za sokoni litaijaza masizi.

Plagi ikitoka, isomeni. Kahawia hafifu au kijivu, injini iko sawa. Nyeusi na kavu kama masizi ya chungu, petroli imezidi hewa. Anzeni na filta ya hewa, maana vumbi letu la kiangazi mnalijua. Nyeusi na yenye oili, oili inaingia silinda: inaweza kuwa ringi za pistoni, inaweza kuwa sili ya tabo. Hapo ndipo tabo inaweza kutajwa, na hata hapo fundi aonyeshe oili kwenye bomba la hewa linalotoka kwa tabo. Nyeupe yenye malengelenge, joto limezidi. Na mkiona vitone vidogo vinavyong'aa kama bati kwenye kauri nyeupe, zimeni gari, lisiendeshwe tena. Hiyo ni alumini ya pistoni inayeyuka.

Joto hilo mara nyingi huanzia kwenye petroli. Magari mengi ya tabo ya Japani yalitengenezwa kwa petroli ya oktani ya juu. Mkiweka petroli ya chupa iliyochanganywa na mafuta ya taa, oktani inashuka na injini inagonga, sauti kama kokoto ndani ya kopo. Mchezo huo ulienea hata mwaka 2018 serikali ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, ili kuchanganya kusiwe na faida. Plagi mpya haitaponya petroli mbovu.

Wakati mwingine plagi ni nzima na koili ndiyo mgonjwa. Kama kila silinda ina koili yake, kupima si kazi: hamisheni koili ya silinda inayopiga misi kwenda silinda nyingine. Misi ikihama nayo, mwizi mmempata. Na taa ya injini ikimetameta, punguzeni mwendo mara moja, kwa sababu petroli isiyowaka inakwenda kuharibu kichujio cha eksozi.

Kufunga kufanywe injini ikiwa imepoa. Plagi ianzwe kwa mkono, spana ije mwisho, wala isikazwe kama nati ya gurudumu. Kichwa cha injini ni alumini. Kwenye Subaru plagi ziko ubavuni, na mara nyingi inabidi kutoa betri ili kuzifikia. Kwa sababu hiyo wako mafundi wanaobadilisha zilizo rahisi na kulipisha nne. Mtu wa kikundi asimame pale, ahesabu.

Plagi za zamani msiziache gereji. Mweka hazina azifunge kila moja kwenye karatasi, aandike 1 hadi 4 kulingana na silinda ilikotoka, tarehe, na kilomita zilizo kwenye dashibodi. Fundi atakayefuata atazihitaji.