Kufungwa Mechi ya Kwanza: Nani Alipe?

Leo mazungumzo yetu ya amani yanaingia uwanjani. Nataka tuzungumze juu ya saa chache zinazofuata mechi ya kwanza ya shampiona, pale ekipe uliyoingojea tangu mwaka jana inapofungwa.

Mshabiki hupata uchungu wa pekee siku hiyo. Miezi yote ya kungoja amejaza kichwa chake matumaini. Amechanga franka zake za jezi. Amemwambia jirani kwamba mwaka huu kombe ni letu. Halafu dakika tisini zinakwisha, ni mbili kwa sifuri. Ukifungwa mechi ya kumi na tano, unazo kumi na nne za kukufariji au za kukupa hesabu. Ukifungwa ya kwanza, huna kingine mkononi. Kufungwa ndiyo habari yote uliyo nayo. Hiyo ndiyo sababu watu hukasirika kupita kiasi cha jambo lenyewe. Mimi sioni ubaya katika uchungu huo. Mtu asiyeumia ekipe yake ikifungwa, huyo alikuja uwanjani kuuza karanga, na kuuza karanga ni kazi nzuri, lakini si ushabiki.

Ubaya unaanza swali linapogeuka. Kwanza watu huuliza: tumefungwaje? Baadaye huuliza: nani ametufungisha? Tuseme golikipa ni kijana aliyefika pamoja na wazazi wake kutoka upande wa Salamabila. Mnajua kwamba tangu mwaka wa 2017 watu wengi wa huko walikimbia, tena wengine zaidi ya mara moja, kwa sababu ya mapigano kati ya Mai-Mai Malaika na jeshi karibu na mgodi wa dhahabu wa Namoya. Kijana huyo anajua kudaka, akachukuliwa katika ekipe ya mtaa. Siku ya kwanza mpira ukampita kati ya mikono. Saa kumi na moja jioni watu wanasema, golikipa amekosea. Saa mbili usiku barazani wanasema, yule wa kule amekosea. Kesho asubuhi sokoni neno limekuwa: wale wa kule wametuuza. Usiku mmoja tu, na kosa la mikono miwili limekuwa kosa la jamaa mia. Mama yake anafika kisimani, ndoo yake inasogezwa nyuma. Baba mwenye nyumba aliyewapokea anaanza kuulizwa, wageni wako watakaa mpaka lini?

Wala jambo hili halina upande mmoja. Ekipe ya vijana waliokimbia ikifungwa, nao husema: mwamuzi ni wa wenyeji, wenyeji hawatutaki. Pengine mwamuzi alichelewa tu kuona. Lakini mtu aliyekwisha kupoteza shamba na nyumba, kila filimbi inamwambia kwamba ananyang'anywa tena.

Sasa nataka turudi nyuma kidogo, kwa sababu nchi yetu nzima ilipitia jambo hili, na wazee wanaonisikiliza wanalikumbuka. Mwezi wa tatu mwaka wa 1974 Leopards wa Zaire walitwaa Kombe la Afrika huko Cairo, wakiishinda Zambia katika mechi ya marudio. Ndaye Mulamba alifunga magoli tisa katika mashindano hayo, na hesabu hiyo haikuwa imefikiwa na mtu katika kombe moja la Afrika. Miezi mitatu baadaye walikwenda Ujerumani Magharibi katika Kombe la Dunia. Ilikuwa mara ya kwanza kwa nchi ya Afrika iliyo kusini ya Sahara kufika pale. Tarehe 14 mwezi wa sita, mjini Dortmund, walicheza mechi yao ya kwanza na Uskoti. Wakafungwa mbili kwa sifuri.

Ndugu zangu, mbili kwa sifuri mbele ya Uskoti ya siku zile haikuwa aibu. Ekipe ilicheza, ikafika mbele ya goli la wenzake, ikafungwa na watu waliozoea. Lakini baada ya mechi hiyo wachezaji wakaelewa kwamba feza walizoahidiwa hawatazipata. Walikasirika, wakazungumza hata juu ya kukataa kucheza. Siku nne baadaye wakaingia uwanjani mbele ya Yugoslavia wakiwa wamevunjika moyo, wakafungwa tisa kwa sifuri. Mshabiki aliyekuwa Kinshasa, Kindu au Kasongo alisikia hesabu tu redioni: tisa. Habari ya feza hakuisikia. Basi akatafuta sababu iliyo karibu naye: wachezaji wameuza nchi, golikipa ni mbovu, kocha ni Myugoslavia, amewapa ndugu zake mechi. Ni kweli kocha Blagoje Vidinić alitoka Yugoslavia, na neno hilo lilimfuata kwa miaka mingi. Mnaona? Hata pale, asili ya mtu iligeuzwa kuwa ushahidi.

Katika mechi hiyohiyo kulitokea jambo ambalo mimi, kama mtu niliyesoma sheria, hulirudia kila nikipata nafasi. Wachezaji wa Zaire walimzunguka mwamuzi wakibishana naye. Katika msukumano ule Mwepu Ilunga alimpiga mwamuzi teke kwa nyuma. Mwamuzi akageuka, akatoa kadi nyekundu, akampa Ndaye Mulamba. Ndaye hakupiga mtu. Mwepu mwenyewe alisema kwamba ni yeye. Haikusaidia, Ndaye alitoka, na mfungaji wetu mkubwa akaimaliza Kombe la Dunia hapo.

Mwamuzi yule alikuwa na sababu ndogo ya kusamehewa: alipigwa kwa nyuma, jezi zote zilifanana. Sisi barazani tunayo sababu gani? Katiba ya nchi yetu ya tarehe 18 mwezi wa pili 2006, katika kifungu cha 17, inasema kwamba kosa la jinai ni la mtu binafsi, na hakuna anayeweza kushitakiwa, kukamatwa wala kuhukumiwa kwa tendo la mwingine. Kifungu hichohicho kinasema kila anayeshitakiwa ahesabiwe hana kosa mpaka hukumu ya mwisho itolewe. Na kifungu cha 30 kinampa kila mtu aliye ndani ya nchi haki ya kutembea na kuchagua mahali pa kukaa. Kwa hiyo neno "warudi kwao" linalopigwa kelele baada ya mechi ni matusi, na tena linapingana na Katiba. Iko pia sheria ya tarehe 7 mwezi wa sita 1966 inayoadhibu chuki ya rangi na ya kabila, hata kwa maneno. Sheria hiyo ina umri kuliko wengi wetu tunaosikilizana leo, na bado watu hushangaa ninapoitaja.

Najua kuna mtu anayesema sasa: mwanasheria, haya ni maneno ya mpira, yatapoa. Mara nyingi hupoa. Lakini huko Butembo, tarehe 14 mwezi wa tisa 2008, Nyuki na Socozaki walicheza. Ekipe moja ilikuwa nyuma, golikipa wake akashutumiwa kwamba anafanya uchawi uwanjani. Wachezaji wakapigana, mawe yakarushwa, polisi wakatupa gesi ya kutoa machozi, watu wakakimbilia mlangoni wakakanyagana. Zaidi ya watu kumi walikufa, na wengi wao walikuwa vijana. Kinshasa, tarehe 11 mwezi wa tano 2014, katika uwanja wa Tata Raphaël, V.Club ilikuwa inafungwa na Mazembe goli moja. Washabiki wakarusha mawe, gesi ikatupwa, watu 15 wakafa. Nayataja haya kwa wakuu wa vijiji na kwa polisi wanaonisikiliza. Uwanja wetu ni mdogo, hauna ukuta, na hiyo ni heri. Lakini nyumba za nyasi walimolala wageni ziko karibu na uwanja kuliko kituo cha polisi.

Kuhusu uchawi niseme kwa kifupi, kwa kuwa kila msimu unarudi. Kitabu chetu cha makosa ya jinai hakina kosa linaloitwa uchawi. Kosa lililomo ni lile la kumjaribu mtu kwa dawa au kwa kiapo ili kujua kama ni mchawi. Anayemnywesha golikipa kitu ili "ukweli utoke" ndiye atakayefika mbele ya tribinali.

Basi tufanye nini, mechi ya kwanza ikiwa imekaribia? Nitasema yale niliyoyaona yakisaidia. Wazee wa mtaa wasikae mbali jukwaani siku hiyo. Wakae kati ya vijana wanaopiga ngoma, kwa sababu wimbo wa matusi kwa kabila huanzishwa na watu wawili au watatu, na mzee akiwa karibu hauanzi. Mechi ikiisha kwa kufungwa, kapteni wa ekipe ndiye aseme wa kwanza mbele ya washabiki, tena aseme "tumefungwa", sisi wote, kabla mtu hajataja jina. Halafu yeye na mzee mmoja wamsindikize golikipa mpaka kwao. Huyo kijana asirudi peke yake gizani jioni hiyo. Kama ekipe inaona mwamuzi ameivunja kanuni, iandike malalamiko yake na kuyapeleka kwa kamati ya shampiona. Barua iliyoandikwa kwa utulivu hupata jibu, hata likiwa jibu la kukataliwa.

Na kuna jambo la feza. Viongozi wa ekipe, hesabu ya michango na ya viingilio isomwe hadharani kabla ya mechi ya pili. Leopards wa 1974 walivunjwa na ahadi iliyofichwa zaidi ya walivyovunjwa na magoli mawili ya Uskoti. Washabiki wakiona daftari, hawatamtafuta mtu wa kumtwika mzigo. Wakikosa kuliona, watamtafuta, na atakuwa yule asiye na ndugu wengi mtaani.

Ninyi familia mliokimbia, msiwaondoe watoto wenu katika ekipe kwa hofu ya maneno. Naelewa mama anayesema mwanangu asidake tena. Lakini mtoto akitoka, mtaa hautamjua tena kwa jina, utamjua kwa mahali alikotoka tu. Akitukanwa, mpelekeeni habari mkuu wa kijiji siku ileile, mtaje maneno yaliyosemwa na aliyeyasema, si "wenyeji wametutukana". Maana nanyi hamtaki kuitwa kwa jumla.

Nimalizie habari ya Ndaye, kwa sababu wengi hawaijui. Mwaka wa 1994, baada ya kupewa heshima huko Tunisia katika Kombe la Afrika, watu wenye silaha walimvamia nyumbani, wakampiga risasi mguuni. Alikimbilia Afrika Kusini. Huko, mtu aliyefunga magoli tisa katika kombe moja aliishi maisha magumu, akilinda magari ya watu ili apate chakula, na wapita njia hawakujua ni nani. Alifariki huko mwezi wa kwanza 2019. Basi golikipa wenu wa Jumapili, muulizeni pia alikotoka alidakia ekipe gani.

Juma lijalo, saa ileile, tutazungumza juu ya kuandikisha watoto waliozaliwa njiani wakati wa kukimbia. Wazazi, njooni na maswali yenu, na makapita, leteni daftari za vijiji vyenu.