Kisichoandikwa kwenye Teklogi: Mawasiliano kati ya Mafundi wa Ndege na Marubani



Nimeombwa kuzungumzia makosa ya matengenezo. Ile orodha ya vyanzo 12 vya makosa aliyoitunga Gordon Dupont huko Kanada mwaka 1993 mnaijua, imebandikwa kwenye kuta za karakana nyingi, nami sitairudia. Ninalotaka kusema ni jambo moja: fundi anapofunga kasoro kwenye teklogi, yaani kitabu cha kumbukumbu za ndege, huandika alichokikuta, lakini mara nyingi haandiki alichokigusa. Rubani anayekabidhiwa ndege anahitaji kujua yote mawili.

Tuiangalie Boeing 737-300 ya kampuni ya Helios ya Kupro. Usiku wa kuamkia tarehe 14 Agosti 2005 ilitua Larnaca ikitoka London. Wafanyakazi walioileta waliripoti kwamba mlango wa huduma wa nyuma uliganda barafu na kutoa kelele safarini. Mafundi wakaukagua, kisha wakaijaza ndege hewa ikiwa imeegeshwa ili waone kama inavuja. Kwa jaribio hilo, swichi ya mgandamizo wa hewa hutolewa kwenye otomatiki na kuwekwa kwenye uendeshaji wa mkono. Ndege haikuvuja. Kwenye teklogi ikaandikwa kwamba mlango umekaguliwa, jaribio limefanyika na kasoro haikuonekana. Yaliyoandikwa yalikuwa sahihi, ila swichi ilibaki kwenye mkono.

Mwongozo wa matengenezo uliagiza ndege irudishwe katika hali yake ya awali, bila kuitaja swichi hiyo. Marubani wa asubuhi walikuwa na nafasi tatu za kuiona: maandalizi ya safari, ukaguzi kabla ya kuwasha injini, na ukaguzi baada ya kuruka. Zote tatu zikapita. Taa iliyokuwa ikionyesha kwamba mfumo uko kwenye mkono ni ya kijani, na jicho la rubani limezoea kwamba kijani ni salama. Ndege ikapanda bila kujazwa hewa, waliomo wakakosa oksijeni, ikaanguka karibu na Grammatiko, Ugiriki, na watu 121 wakafa.

Nimewasikia mafundi wakisema kazi yao iliishia kwenye saini, na kwamba kupanga swichi ni kazi ya rubani. Kikanuni wana hoja, maana rubani ndiye mwenye orodha ya ukaguzi. Lakini hebu mfikirieni fundi aliyezoea kuandika hivi: “Swichi ya mgandamizo iliwekwa kwenye mkono kwa ajili ya jaribio, imerudishwa otomatiki.” Hawezi kuandika nusu ya pili ya sentensi hiyo bila kuinua macho kwenye paneli. Kabla haijamsaidia rubani, sentensi hiyo inamlinda aliyeiandika.

Yapo makosa ambayo rubani hana njia ya kuyaona, hata awe makini kiasi gani. Mwaka 1991 Embraer 120 ya Continental Express ilivunjikia angani karibu na Eagle Lake, Texas, ikaua watu 14. Usiku uliotangulia, skrubu 47 zilikuwa zimefunguliwa upande wa juu wa ukingo wa mbele wa bawa la mkiani, kushoto. Zamu ikabadilika, makabidhiano yakawa ya mdomo, na hakuna karatasi iliyosema kwamba skrubu hizo zimetolewa. Mkia wa ndege ile uko juu kama paa. Rubani anayezunguka ndege kwa miguu na tochi yake asingeweza kuona chochote. Ikaruka safari ya kwanza salama, ikavunjika wakati wa kurudi.

Tepu iliyoachwa juu ya matundu ya kupimia hewa ya Boeing 757 ya Aeroperú, Oktoba 1996, baada ya ndege kusafishwa Lima, ingeweza kuonekana kutoka chini, lakini rangi yake ilifanana na ya bati. Vipimo vya mwinuko na spidi vikawadanganya marubani gizani juu ya bahari, na watu 70 wakafa.

Marubani nao wana lao. Ukiandika “injini ya kulia ina mtetemo”, ukafunga kitabu na kupanda gari la hoteli, umemwachia fundi kitendawili. Anataka kujua mtetemo ulianza kwenye mwinuko gani na nguvu gani ya injini, ulidumu muda gani, na ulibadilika ulipopunguza nguvu au la. Akiiwasha chini na isitetemeke, ataandika “haikuonekana kasoro”, na kesho rubani mwingine ataandika yale yale. Sisi huku tunaongeza tatizo letu: mazungumzo ya maana hufanyika kwa Kiswahili kwenye ngazi ya ndege, halafu kitabuni huingia Kiingereza cha maneno matatu. Yaliyosemwa kwenye ngazi hayasomwi na zamu inayofuata.

Kuna pia mazungumzo ya redioni. Helios ilipopanda, king’ora kililia. Kwenye ndege ile mlio ni mmoja kwa maonyo mawili: chini humaanisha ndege haijapangwa vizuri kwa kuruka, na angani humaanisha hewa ndani ni haba. Rubani akaliripoti onyo la kwanza kwa kampuni, pamoja na tatizo la kupoza vifaa. Kwa maelezo ya fundi aliyezungumza naye, ambaye ndiye aliyefanya lile jaribio, alimuuliza kama paneli ya mgandamizo iko otomatiki. Rubani akajibu kwa kuuliza fyuzi za kupoza vifaa ziko wapi. Ndege ilikuwa bado inapanda, na akili ya rubani yumkini imeshaanza kukosa oksijeni. Mwaka 2011 Marekani iliagiza 737 za zamani ziwekewe taa mbili tofauti, ili maonyo hayo yasichanganywe tena.

Napendekeza tulijadili hili kwenye vikundi. Meza ya fundi wa zamu iwe na maelekezo kwamba ndege ikiripoti tatizo la hewa, la kupoza vifaa au king’ora kisichoeleweka ikiwa inapanda, swali la kwanza liwe: “Mmevaa barakoa za oksijeni?” Paneli na fyuzi zifuate baadaye. Najua baadhi ya manahodha watasema fundi hana mamlaka ya kumwamuru rubani akiwa angani. Ni kweli, lakini hilo ni swali tu, na kulijibu hakuchukui hata sekunde tano.