Mrozimari Katika Ua wa Nyumba



Mrozimari ni kichaka chenye asili ya nchi zinazoizunguka Bahari ya Mediterania. Majani yake membamba kama sindano hubaki ya kijani mwaka mzima.

Wengi waliokwisha kuupanda hulalamika kwamba umekauka. Mara nyingi haukufa kwa kiu, bali kwa maji. Mmea huu umezoea miteremko yenye mawe, hivyo mizizi yake huoza upesi katika udongo wa mfinyanzi unaotuamisha maji. Katika mtaa ambao maji hununuliwa kwa ndoo, kuumwagilia kila jioni ni hasara mara mbili. Upandwe juu ya tuta lililochanganywa na mchanga au kokoto, penye jua la kutwa. Ukishashika, umwagiliwe pale tu udongo wa juu unapokauka.

Mbegu zake huota polepole, na nyingine haziotI kabisa, kwa hiyo hakuna haja ya kuzinunua. Likatwe tawi changa la sentimita 10 hadi 15 kwa jirani, majani ya chini yaondolewe, nalo lichomekwe kivulini katika mchanga wenye unyevu. Mizizi hutoka baada ya wiki 4 hadi 8. Wakati wa kuvuna, mkasi usifike kwenye shina gumu lisilo na majani, maana sehemu hiyo huchipua kwa shida.

Kijiti kimoja hutosha sufuria ya viazi. Mjamzito asiyanywe majani hayo kama dawa, wala mtu yeyote asinywe mafuta yake.