Mwanasheria wa Kampuni: Mteja Wake ni Nani?

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanachama na wanafunzi katika mkutano wa mwaka wa Umoja wetu)



Nimeombwa nizungumze juu ya kazi ya mwanasheria aliyeajiriwa ndani ya kampuni au shirika. Kazi hii haina joho wala ukumbi uliojaa watu. Kijana akisema anataka kusoma sheria, wazazi humwona tayari amesimama mbele ya Jaji. Ni wachache wanaomfikiria akiwa ofisini, mezani pana rundo la mikataba, na simu ya Meneja Mkuu inalia. Hata hivyo mabenki, mashirika ya umma, kampuni za bima, za simu na za migodi huajiri watu wa namna hiyo, na baadhi yenu mtakuwa miongoni mwao.

Wakili wa mjini ana wateja wengi. Akikosana na mmoja, atakula kwa mwingine. Mwanasheria wa kampuni ana mteja mmoja tu, na mteja huyo ndiye anayempa mshahara, likizo na cheo. Hapo ndipo ugumu wote unapoanzia. Nitasema mapema neno ninalotaka mkumbuke: mteja wake ni kampuni, hata kama bosi wake ni Meneja. Mameneja huja na kuondoka. Kampuni, kwa macho ya sheria, ni mtu anayejitegemea.

Mahakama nazo zimeliona tatizo hili. Mwezi Februari 2003 wakaguzi wa Jumuiya ya Ulaya waliingia katika ofisi za kampuni ya Akzo Nobel na kampuni yake tanzu huko Manchester, Uingereza, wakitafuta ushahidi wa njama za kuua ushindani wa biashara. Kati ya karatasi walizochukua kulikuwa na barua baina ya meneja na mwanasheria wa kampuni. Kampuni ikadai kuwa barua hizo ni siri ya wakili na mteja wake. Mwaka 2010 Mahakama ya Haki ya Ulaya ilikataa. Ilisema kuwa mwanasheria aliyeajiriwa, hata akiwa ameandikishwa katika chama cha mawakili, hana uhuru sawa na wakili wa nje, kwa kuwa anamtegemea mwajiri. Hukumu hiyo inahusu uchunguzi wa ushindani wa biashara huko Ulaya, na nchi nyingine zina sheria zao. Lakini swali lake linatuhusu sote: mtu anayekula kwa mwajiri anaweza kumwambia mwajiri ukweli?

Ndugu zangu, nitawapeni mfano wa mahali ambapo ukweli haukupanda ngazi. Kampuni ya General Motors ya Marekani iliuza magari, mojawapo likiitwa Chevrolet Cobalt, yenye swichi ya kuwashia iliyokuwa legelege. Gari likiwa mwendoni, ufunguo uliweza kujirudisha wenyewe, injini ikazimika, na mifuko ya hewa inayomkinga dereva isifunguke wakati wa ajali. Kifaa chenyewe ni kidogo na cha bei ndogo. Wahenga walisema, mdharau mwiba guu huota tende.

Familia za waliokufa zilifungua mashauri. Wanasheria wa kampuni waliyapokea, wakayapima moja moja, na mengi wakayamaliza kwa kulipa fidia kimya kimya. Kila jalada lilifungwa vizuri. Kosa lilikuwa kwamba hakuna aliyeyaweka majalada hayo pamoja mezani na kuuliza kwa nini yote yanafanana. Mwaka 2013 fundi aliyeajiriwa na upande wa mdai mmoja alizifungua swichi za zamani na mpya, akaonyesha kuwa kifaa kilikuwa kimebadilishwa bila namba yake kubadilishwa. Magari yalianza kurudishwa kiwandani Februari 2014, na hatimaye yalifika kama milioni 2.6. Mfuko wa fidia ulioundwa baadaye ulikubali madai ya vifo 124.

Ripoti ya uchunguzi iliyotolewa Juni 2014 ilieleza tabia mbili za vikao vya kampuni hiyo. Ya kwanza, watu kutikisa vichwa kukubali mpango, kisha kutoka nje bila nia ya kuutekeleza. Ya pili, kila mmoja kukunja mikono na kumnyooshea kidole mwenzake. Mwanasheria Mkuu wa kampuni alieleza kuwa hakuarifiwa juu ya swichi hizo hadi Februari 2014. Watumishi 15 waliachishwa kazi, wakiwamo wanasheria. Mwaka 2015 kampuni ilikubali kulipa Serikali ya Marekani dola milioni 900.

Tazameni basi: sheria waliijua. Kilichowashinda ni uongozi wa kazi. Ndiyo maana nasema mwanasheria wa kampuni ana mitihani miwili, wa sheria na wa utawala, na mara nyingi huanguka huo wa pili. Nionavyo mimi, mambo manne yatamsaidia.

Kwanza, awe na njia ya kufika kwenye Bodi. Baada ya kampuni ya Enron kuanguka Desemba 2001, Bunge la Marekani lilipitisha sheria mwaka 2002 inayowataka wanasheria wa kampuni zenye hisa sokoni, wakiona dalili za uvunjaji mkubwa wa sheria, wamwarifu mwanasheria mkuu wa kampuni au mtendaji mkuu, na wasipopata jibu la maana, waende kwenye Bodi au kamati yake ya ukaguzi. Shirika lisilo na njia hiyo liiandike katika kanuni zake, kabla ya siku ya shida kufika.

Pili, aitwe mapema. Katika ofisi nyingi mkataba humfikia mwanasheria jioni, na sahihi inatakiwa asubuhi. Akiuliza maswali huambiwa anachelewesha biashara. Dawa yake ni utaratibu: mkataba wa kiasi fulani usipite bila yeye, na ile midogo iwe na nakala za mfano ambazo mtu wa ugavi anaweza kuzijaza mwenyewe.

Tatu, awe na daftari la mikataba: nani ameahidi nini, inaisha lini, na inavunjwa kwa njia gani. Hili la kuvunja mkataba tunalo somo lake hapa hapa nyumbani. Mwaka 2003 kampuni ya City Water ilikabidhiwa huduma ya maji ya Dar es Salaam kwa mkataba wa miaka kumi. Kazi ikamshinda mkandarasi. Mei 2005 Serikali ilitangaza hadharani kuwa mkataba umekwisha, na tarehe 1 Juni ofisi zikachukuliwa na viongozi wa kampuni wakaondoshwa nchini. Julai 2008 baraza la usuluhishi lilikubali kuwa kampuni ilikuwa imeshindwa kazi, lakini likasema pia kwamba namna ilivyoondolewa ilivunja mapatano ya uwekezaji kati ya Tanzania na Uingereza. Fidia haikutolewa, kwa sababu kampuni ilikwisha kupoteza thamani yake. Tuliponea hapo. Mwenye haki naye hana budi kupita mlangoni.

Nne, asome majalada yake kwa pamoja. Kila robo ya mwaka akae na mkaguzi wa ndani, mhandisi na mhasibu, waulize: malalamiko gani yanajirudia? Swali hilo moja, lingeulizwa mapema kule Marekani, lingeokoa maisha ya watu.

Sasa nanyi vijana. Anayetaka kazi hii asidhani vitabu vya sheria vinatosha. Ajifunze kusoma mizania ya hesabu. Akiwa kiwandani aingie karakana, aone kinachotengenezwa. Ajifunze kuandika barua ya ukurasa mmoja ambayo Meneja ataielewa kabla chai haijapoa. Na akisema "hapana," aongeze njia nyingine inayofaa, maana mwanasheria wa kukataa tu huachwa kualikwa vikaoni, na asiyekuwapo kikaoni hawezi kumwonya mtu.

Juu ya hayo, aweke akiba. Mtu asiye na akiba ya miezi michache huona shida kumwambia bosi neno lisilopendeza, hata kama sheria yote anaijua. Ushauri huu hauko katika mtaala wa chuo kikuu, lakini hautawapoteza.